Barakoa ya "kuona maono": nimekaa nayo wiki tano, haya ndo maoni yangu

Watu wamekuwa wakiniuliza hii barakoa inafanya kazi au ni utapeli, na nilikuwa najizuia kujibu mapema maana maoni ya siku ya kwanza huwa ni furaha ya kufungua boksi tu, sa hivi imetimia wiki tano, nimeivaa mara kumi na nne, nimeazimisha watu kadhaa, mara moja nimeitupa chini ya kitanda kwa hasira, kwa hiyo naona nimefikia pa kusema kitu. Jina la kampuni sitaji. Za aina hii zimejaa onlaini zinafanana kama mapacha, zinatofautiana stika tu.

Kwa asiyeijua, ni kama miwani ya kuogelea iliyonenepa. Badala ya vioo ina vikombe viwili vya plastiki nyeupe isiyopitisha picha, inapitisha mwanga tu, pembeni sponji la kuziba, ndani taa ndogo ndogo nyekundu, alafu inakuja na hedifoni kubwa za kufunika sikio zima zinazopiga ule mvumo wa redio isiyoshika stesheni, shshshshsh mwanzo mwisho. Unalala chali, macho wazi (hapa wengi wanakosea, wanafumba), unatulia dakika 20 mpaka 30. Kinachotakiwa ni macho yaone kitu kimoja kisicho na kona wala kivuli, masikio yasikie kitu kimoja kisicho na neno ndani yake, basi unamwachia ubongo aamue mwenyewe atafanya nini na huo ukame. Wajerumani wanaita ganzifeldi, yaani uwanja mzima, na mwanasaikolojia wao Wolfgang Metzger alikuwa anaichunguza tangu miaka ya 1930. Kwa hiyo lile neno "TEKNOLOJIA MPYA" kwenye boksi tulipite kimya kimya.

Siku ya kwanza dakika tano nzima nilikuwa nawaza mkanda unavyonibana sikio la kushoto. Sponji linanuka gundi. Nikawaza kazi za kesho, nikawaza kama nimefunga mlango. Kama dakika ya saba hivi wekundu ukapotea. Nikajua taa imekufa, nikanyanyua kikombe kidogo nikachungulia, taa inawaka kama kawaida, nikarudisha nikaona nyekundu tena, taratibu ikafifia ikawa kijivu, ukungu mtupu. Hii ndo ya kwanza kumtokea karibu kila mtu na wala si uchawi, jicho likilishwa rangi moja isiyo na mpaka linaacha kuitolea taarifa, kama vile pua inavyoacha kusikia manukato uliyojipaka asubuhi. Kisha vikaja vinukta, vinukta vikajipanga vikawa wavu, kama ule wavu wa dirishani upepo ukiuvuta, alafu wavu ukaanza kuingia ndani katikati, ukawa handaki.

Nilivyokuja kusoma baadaye nikakuta handaki langu lina wenyewe. Kuna mtafiti anaitwa Heinrich Klüver, miaka ya 1920 alikusanya wanachoona watu waliokunywa dawa ya meskalini, akakuta picha za mwanzo zinarudia makundi manne tu: wavu, utando wa buibui, handaki, na mzunguko kama wa ganda la konokono. Watu wa kipandauso nao wanaona jamaa za hayohayo kabla kichwa hakijaanza kugonga. Maelezo yake ni kwamba unachoona pale ni mpangilio wa nyaya zako mwenyewe, ile sehemu ya ubongo inayopokea picha ikichemka bila picha inachora umbo lake yenyewe. Mi hilo ndo lilinifurahisha kuliko "safari ya ulimwengu mwingine" wanayotangaza. Ulimwengu gani, ni kisogo changu.

Picha ya kweli ilikuja mara ya nne. Mkono. Mkono wa mwanamke unakunja shuka ya bluu, ule ukunjaji wa kukutanisha ncha mbili kisha unaipiga shuka kofi katikati ikae sawa. Hakuna mwili, hakuna uso, ni mkono mpaka kwenye kiwiko na kipande cha shuka, kama sekunde tatu, ukafutika. Sijui ni wa nani mpaka leo. Sikuogopa, nilicheka kwa sauti na kucheka kukavuruga kila kitu nikabaki na ukungu wangu. Mara ya sita nikaitwa. Sikio la kulia, ndani kabisa ya mvumo, jina langu la nyumbani, na nikaitika "abee" na nikasubiri niambiwe nilichoitiwa.

Kwa hiyo kwenye swali la inafanya kazi au haifanyi, inafanya. Mara kumi na nne, tano sikuona chochote zaidi ya ukungu, sita nikapata maumbo, tatu tu ndo nikapata kitu chenye sura au sauti. Ukinunua ukitegemea sinema utakasirika.

Upande wa utengenezaji nisipoteze muda. Chaji inakaa vizuri, hedifoni ni nzuri kuliko nilivyotegemea (mtazikuta tena huko chini), mkanda mbovu, sponji likishika jasho linateleza. Rimoti imewekwa na mtu ambaye hajawahi kushika kitu gizani, nitairudia hiyo. Na kusema ukweli kama hela inakubana, chukua mpira wa tenisi ya mezani, kata nusu kwa nusu, zungushia pamba pembeni zisikukwaruze, taa nyekundu juu yako, redio kati ya stesheni. Watafiti wenyewe wamefanya hivyo miaka mingi. Nilijaribu jumapili moja, ukungu ni uleule, tofauti yake ni kwamba ukicheka mipira inadondoka.

Na kumbuka sisi tunalala nusu saa tu. Miaka ya mwanzo ya 1950 chuo cha McGill kule Kanada, maabara ya Donald Hebb, waliwalipa wanafunzi dola 20 kwa siku walale tu, miwani ya ukungu usoni, glavu na makaratasi magumu mikononi wasiguse kitu, mashine inavuma. Kwa wakati ule hela nzuri ya kulala. Wengi walishindwa kumaliza siku tatu. Walianza na vinukta na maumbo kama mimi, wakaishia na mambo marefu, kuna mmoja aliripoti msafara wa kindi wanatembea wamebeba magunia mabegani. Vijana wazima hao, hawana ugonjwa wowote, ni kukosa cha kuona tu.

Sasa niwaambie kitu ambacho boksi halijakiandika na kwangu ndo chenye thamani. Hii barakoa nilikuwa naiacha mezani sebuleni. Kila anayeingia anauliza hiki nini, namweleza, anacheka, anaivaa dakika mbili tatu, anaivua, alafu anakaa kimya kidogo, kisha anasema, unajua mimi kuna kitu huwa kinanitokea.

Wa kwanza alikuwa rafiki yangu wa kazini, huyu lake jepesi, kwamba simu yake inatetemeka mfukoni kila saa na akiitoa hakuna kitu, na kuna siku imetetemeka na simu yenyewe kaisahau nyumbani. Alikuwa anaona aibu kabisa. Nikamwambia tulia, mwaka 2010 walitoa utafiti wa wafanyakazi wa hospitali moja Marekani, 68% walishasikia mtetemo ambao haupo. Ngozi inapata mitikisiko ya misuli na mikunjo ya nguo siku nzima, wewe umemfundisha ubongo kwamba kitu kikigusa pale ni ujumbe, basi naye hasubiri uthibitisho.

Mtoto wa shangazi, yuko mwaka wa pili chuo, yeye akaanza na "dada usiniambie nina pepo". Anaamka saa tisa usiku, macho wazi, anaona chumba chake kama kilivyo, mwili haunyanyuki hata kidole, na kuna mtu amekaa kifuani. Si ni jinamizi hilo jamani, sisi tunalo jina lake tangu zamani, kila mtu amesikia habari za kukabwa na jinamizi, lakini mtoto alikaa miezi minne hasemi kwa mtu anazunguka kwenye maombi kimya kimya. Kinachotokea ni kwamba ukiwa kwenye usingizi wa ndoto mwili unafungwa usije ukarusha ngumi kweli, sasa mara nyingine akili inaamka kabla mwili haujafunguliwa, ndoto inamalizikia chumbani kwako. Waliojumlisha tafiti za dunia nzima mwaka 2011 walipata karibu 8% ya watu wote imeshawatokea, kwa wanafunzi 28%. Usingizi wa vipandevipande na kulala chali vinaichochea. Nikamwuliza unalala saa ngapi. Akaangalia chini.

Wa tatu ndo alinikalisha. Mama jirani, mjane, alikuja kwa mambo yake mengine kabisa, nikamvisha, akakaa dakika kumi kamili na adabu zake zote, akaivua akanirudishia kwa mikono miwili. "Sijaona kitu mwanangu." Nikasema pole mama, wengine huchukua muda. Akaangalia mlango, akaniambia, "Mimi sihitaji mashine. Baba yao huwa anakohoa barazani. Kikohozi chake kile kile, kabla ya kuingia ndani." Mwaka wa sita huu tangu amzike. Nikamwuliza unaogopa? Akanishangaa, "Nimwogope baba watoto?" Hajawahi kumwambia mtu, hata wanawe, maana watampeleka mahali.

Hilo nalo lina daktari wake. Dewi Rees, daktari wa kijijini Wales, alizunguka kuhoji wajane na wagane 293 akatoa majibu mwaka 1971, karibu nusu yao walikuwa wanamwona, wanamsikia au wanahisi marehemu yuko karibu, wengi walisema inawasaidia, na wengi hawakuwahi kumwambia mtu yeyote, wala daktari, wala mchungaji. Nilimsomea mama jirani hiyo kwenye simu. Akasema, "Kumbe na Wazungu wanakohoa." Nilicheka mpaka nikalia, na yeye akacheka.

Bibi yangu hakuivaa, alikataa katakata, ila alinisikia nikisimulia ule wavu wa dirishani akauliza, wavu wako una watoto? Watoto gani bibi. Kumbe mwaka mzima anaona watoto wadogo wamevaa kofia wamepangana kwenye pazia, hawasemi, hawamtazami, wanakaa tu kisha wanaondoka. Bibi ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Mi nikajikuta nataka kumkumbatia na kumgombeza kwa pamoja. Hiki ni kitu cha miaka na miaka: mwaka 1760 Charles Bonnet, mwanasayansi wa Geneva, aliandika habari za babu yake Charles Lullin, mzee wa miaka 89, macho yamekwisha lakini akili timamu kabisa, anaona watu, ndege, magari ya farasi, na anajua fika havipo. Ndo hali hii ikaitwa jina la Bonnet. Macho yakiacha kuleta taarifa, ubongo unajaza pengo, sawa na barakoa yangu, tofauti ni kwamba ya bibi haivuliki. Tulimpeleka kwa daktari wa macho, na daktari akauliza pia kama anachanganya siku na majina, kama amebadilishiwa dawa, kama ana homa, maana mzee akianza kuona vitu ghafla huku amechanganyikiwa hilo ni jambo lingine na ni la haraka. Bibi alijibu siku, tarehe, na jina la daktari aliyekuwepo kabla yake.

Watu wanne, kila mmoja alikuwa amekaa na lake akidhani ni peke yake. Kwa hilo tu ningeipa nyota tano. Lakini kuna mambo mawili.

La kwanza ni kitufe cha tatu. Rimoti ina vitufe vitatu vimepangwa mstari: kuwasha, kuzima, na cha tatu ni taa za kupepesa. Ukikibonya zile taa zinawaka na kuzima mara nyingi kwa sekunde na hapo unaona vurugu, mimi niliona ubao wa drafti wa kijani na zambarau unazunguka wakati taa zenyewe ni nyekundu tupu. Inavutia sana, sikatai. Purkinje, mwanasayansi wa Bohemia (Czech ya leo), alikuwa anafanya hivyo tangu utotoni bila kununua chochote, anafumba macho anaelekea juani anapitisha vidole vilivyotawanywa mbele ya uso, akayaandika maumbo yake mwaka 1819. Shida ni kwamba mwanga wa kupepesa unaweza kumwangusha mwenye kifafa cha kuchochewa na mwanga, na wengine hawajui kama wanacho mpaka siku hiyo. Desemba 1997 Japani katuni moja ya televisheni ilionyesha nyekundu na bluu zikipokezana kama mara 12 kwa sekunde, watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali usiku uleule. Sasa hawa jamaa zangu wamechagua rangi gani? Nyekundu. Onyo wameliweka wapi? Kwenye kitabu, ukurasa wa mwisho, chini ya gerenti, maandishi ya kutafutia na tochi.

Na hiki kitufe kimegusana na cha kuzima. Unalala umezibwa macho, unapapasa uzime, kidole kinateleza, pwaa, umefungua taa za kupepesa milimita chache kutoka kwenye mboni. Imenitokea mara mbili. Nilishtuka zaidi nilipokumbuka kwamba yule mtoto wa shangazi alikuwa na degedege akiwa mdogo, na mi nimemvisha bila hata kuuliza, kwa bahati hakugusa. Hiyo ndo siku niliyoirusha chini ya kitanda. Niliwaandikia huduma kwa wateja nikaeleza yote, kitufe, rangi, onyo, nikaweka na picha. Siku tatu baadaye jibu: "Mpendwa mteja, tunafurahi kwamba umeifurahia bidhaa yetu." Nikaandika tena. Wakanitumia ofa ya kununua ya pili.

La pili ni maandishi ya pembeni ya boksi. Yameandikwa kwa herufi kubwa: ISHI DAKIKA 20 NDANI YA KICHWA CHA MGONJWA WA SKIZOFRENIA.

Kwa asiyeijua, skizofrenia ni ugonjwa wa akili ambao mtu anaweza kusikia sauti zisizo na mtu. Kaka yangu anasikia sauti. Ana miaka kumi na moja nazo, zilianza akiwa chuo, ana daktari, ana vidonge, vidonge vimezipunguza hazijaisha. Anaruhusu niseme hili mradi nisimtaje jina. Alikuja jumamosi, akalikuta boksi mezani, akalisoma upande huo taratibu kama mtu anayesoma mkataba. Sikumpa aivae na wala simshauri mtu yeyote mwenye historia hiyo aivae, mvumo peke yake kwake ni tabu, feni, bomba la maji likiwa wazi, humo humo ndo sauti zake zinapata njia. Akaniuliza, "Hii ilikuita?"

"Mara moja."

"Ikakutukana?"

"Hapana kaka."

"Ikakwambia majirani wanapanga nini?"

"Hapana."

Akachukua rimoti akaigeuza geuza, akaweka kidole juu ya kitufe cha kati. "Kumbe inazimika."

Basi. Akairudisha mezani akaomba tubadilishe mada. Lakini mi sikubadilisha kichwani, nikalala nayo.

Maana ukitazama juujuu tunafanana. Sauti yangu ya kuitwa na sauti zake zote hazina mtu, na inaonekana zinatoka jikoni kumoja. Watafiti wa chuo cha Yale, Marekani, mwaka 2017 waliwaonyesha watu alama huku wakipiga mlio, mara nyingi pamoja, kisha wakaanza kutoa alama bila mlio, watu wakaendelea kusema wamesikia. Hata wazima. Ila wanaosikia sauti kila siku walisikia mlio usiokuwepo mara nyingi zaidi sana, na hapo walikuwemo wagonjwa na pia watu wasio wagonjwa wanaojiita waaguzi ambao sauti zao haziwasumbui. Yaani kila ubongo unakisia, kuna bongo zinazoamini makisio yao kuliko masikio yao. Mfano mwingine, jitekenye. Huwezi, si ndio? Ubongo ulishajua mkono ni wako ukaipunguza ile hisia. Kuna wagonjwa wanaosikia sauti ambao walipojaribiwa, kujigusa wenyewe na kuguswa na mtu mwingine waliona ni sawasawa. Ndo wanasayansi wengine wakasema labda na yale maneno ya ndani, yale ambayo kila mtu anajisemea siku nzima, kwao yanafika bila muhuri wa "hii ni yangu".

Lakini kutoka jikoni kumoja si kula sahani moja. Wangu aliniita mara moja nikacheka. Wake wanamsimulia, "anafungua mlango sasa, ona anavyofungua", wanabishana juu yake kana kwamba hayupo, wanajua aibu zake zote na wanachagua saa ya kuzitaja. Kuna siku alishindwa kulipia vitu dukani kwa sababu walikuwa wanamhesabia chenji vibaya kwa makusudi. Kilichomlaza hospitali mara ya kwanza haikuwa kusikia, ilikuwa kuamini, na kuogopa, na siku tano hajalala. Mwaka 2015 ulitoka utafiti mkubwa wa watu 31,261 katika nchi 18, 5.2% walisema wameshawahi kuona au kusikia kisichokuwepo, bila kulewa wala kuwa usingizini, na theluthi ya waliopata mambo ya namna hiyo ilikuwa mara moja tu maishani. Skizofrenia, Shirika la Afya Duniani linasema ni kama mtu mmoja kati ya 300. Pigeni hesabu wenyewe ni wangapi wanasikia na hawaumwi. Kwa hiyo boksi limewakosea pande zote mbili, limemfanya mama jirani na bibi yangu waonekane wagonjwa, na limemfanya kaka yangu aonekane anatazama mchezo wa nusu saa.

Ukitaka kujua kidogo maisha ya kaka, mwulize kaka. Anaenda kwenye kikundi cha watu wanaosikia sauti, wanakaa duara wanaulizana, zako zinasema nini, zinakuja saa ngapi, ulizijibuje. Vikundi hivi chimbuko lake ni Uholanzi, mwaka 1987 daktari Marius Romme na mgonjwa wake Patsy Hage walitokea kwenye televisheni wakawaomba wanaosikia sauti wapige simu, wakapiga mamia, na baadhi yao walikuwa na maisha yao na hawajawahi kumwona daktari wa akili. Huko ndiko kaka alikofundishwa ile ya simu, kwamba zikimzidi barabarani anaweka simu sikioni na kuwajibu kwa sauti, "nimekusikia, nitakupigia saa mbili usiku", watu wanapita wanadhani ana bosi msumbufu. Saa mbili usiku anawapa robo saa kweli. Anasema ukitimiza ahadi wanakuwa na adabu kidogo. Vidonge haachi, naomba msije mkasema nimesema.

Nyota zangu: mbili na nusu. Tatu ilikuwa, nusu nimeikata kwa ajili ya lile jibu la "mpendwa mteja". Kama una kifafa au uliwahi kuwa na degedege, achana nayo. Kama wewe au ndugu wa damu amewahi kupata tatizo la akili la namna ya kaka, achana nayo, na hapo najua na mi mwenyewe nimejihukumu, ndo maana sasa hivi imekaa kabatini. Kama wewe ni mzima na unataka tu kuona ukungu ukigeuka wavu, kata mpira. Na kama tayari unaona au kusikia vitu na vinakuogopesha, vinakuamrisha, vinakunyima usingizi, hiyo hela nenda nayo hospitali, usije kwenye barakoa kutafuta majibu.

Hedifoni hazipo tena kwenye boksi, kaka ameziomba. Amezima ule mvumo wao akaziunganisha na redio, anavaa sikio moja tu, la kushoto, anasikiliza mpira. Nikamwuliza kwa nini mpira, wewe si hata timu huna? Akasema mtangazaji wa mpira haachi nafasi ya mtu mwingine kuingiza neno.